Kisu cha Mzamiaji: Kazi Yake ni Kukata Mshipi

Mabibi na mabwana, karibuni. Kwanza tumalize la papa: hakuna anayezama na kisu ili apigane na papa. Adui hasa ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Majini hauonekani, na wala hauozi. Ukienda kwenye meli ya MV Dania, iliyozamishwa hapa Mombasa mwaka 2002, kumbuka kuwa mabaki ya meli hunasa mishipi na nyavu.

Ukinaswa, tulia. Usijizungushe wala usipige mapezi, maana ndivyo unavyozidi kujifunga. Pumua taratibu, tazama geji ya hewa, mwashirie mwenzako. Mara nyingi ukirudi nyuma kidogo mshipi unalegea wenyewe. Mshipi ukikataa kulegea, ushike uukaze, ndipo uukate. Mshipi uliolegea huteleza tu juu ya makali. Elekeza makali mbali na mwili, na papasa kwanza, usije ukakata mpira wako wa hewa. Vipande ulivyokata vitie mfukoni, visikunase tena.

Pagumu ni nyuma ya kichwa, kwenye vali ya mtungi. Hapo mwachie mwenzako. Kama hayupo karibu, vua jaketi la kuelea pamoja na mtungi, regyuleta (kifaa cha kupumulia) ikiwa bado mdomoni, ulete mbele, ukate, uvae tena. Na kama vyuma vya uzito vimo kwenye jaketi, usiliachie hata kidogo: wewe utapaa juu, lenyewe litazama.

Kisu chenyewe kiwe kidogo. Bapa la sentimita 7 hadi 10 latosha. Upande mmoja makali laini kwa mshipi mwembamba, wa pili meno ya msumeno kwa kamba nene. Ncha iwe butu, isitoboe jaketi. Lile jisu la kufunga mguuni linapendeza pichani, lakini lenyewe hunasa mshipi, na miguu ikishafungwa huenda usilifikie. Kifunge kifuani au kiunoni, panapofikiwa na mikono yote miwili. Waya wa chuma wa ndoana hauhangaikii kisu. Beba mkasi wa kazi hiyo.

Titani haishiki kutu, ila bei yake mtaiona wenyewe. Cha chuma, hata kile kinachouzwa kama kisichoshika kutu, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka, na ala yake pia, kwani chumvi hujificha humo. Kikaushe, ukipake grisi ya silikoni kidogo. Kabla ya kupanda boti, kijaribu kwenye kipande cha mshipi. Kikiteleza, kinoe.