Mhuri Uko Mkononi Mwako: Mchezaji Azungumzia Gemu Ndogo

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, dada na kaka zangu, habari za jioni. Mmeniomba nizungumze kama mchezaji, na kweli sina sifa nyingine. Sitengenezi gemu wala siziuzi. Nazicheza tu, mara nyingi usiku, watu wa nyumbani wakishalala.

Najua nikitaja gemu wengi wenu mnaona banda la mtaani, luninga imepandishwa ukutani, vijana wamebanana kwenye benchi wanagombania penalti. Sina ugomvi na banda. Gemu zile za mpira hutengenezwa na mamia ya watu, na fedha inayoingia humo inaonekana hadi kwenye jasho la wachezaji. Leo nataka tuzitazame zile zilizotengenezwa na mtu mmoja, au kikundi kinachoenea kwenye meza moja, wasio na fedha ya kuchora jasho. Dai langu ni kwamba ukata huo ndio unaozipa nguvu. Mtengenezaji asiyeweza kukuvutia kwa picha hulazimika kuiweka maana yake kwenye kile unachokifanya kwa vidole. Na ukishalifanya jambo mwenyewe, huwezi tena kusema ulikuwa mtazamaji.

Nitakaa na mfano mmoja, mingine niiguse tu.

Gemu inaitwa Papers, Please. Ilitoka mwaka 2013, kazi ya Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, ambaye karibu kila kilichomo alikifanya mwenyewe. Alikuwa msafiri, na katika kupitapita viwanja vya ndege akaanza kuwatazama maofisa wa uhamiaji: macho kwenye karatasi, macho kwa mtu, macho kwenye karatasi. Akaona kuna gemu pale.

Mwaka ni 1982, nchi ni ya kubuni, Arstotzka. Umeshinda bahati nasibu ya ajira, na zawadi yako ni kibanda cha ukaguzi mpakani. Unabonyeza kipaza sauti, kinakoroma, anaingia mtu mwenye sura iliyochorwa kwa vidoto vikubwa vikubwa. Anaweka pasipoti. Unaiburuta hadi mezani kwako na kuikagua: picha ni yake? Tarehe imekwisha? Mji ulioitoa uko kwenye nchi hiyo? Kisha unavuta kibao cha mihuri kutoka pembeni, wa kijani kuruhusu, mwekundu kukataa, unagonga, kho! Wa pili aje.

Tazameni ile meza. Pope ameifanya ndogo makusudi. Siku ya kwanza unakagua pasipoti tu na inatosha. Lakini kila asubuhi inakuja sheria mpya: leo wageni waje na kibali cha kuingia, kesho mwenye kuja kufanya kazi awe na cheti cha kazi. Karatasi zinapandana, kitabu cha sheria kinafunika pasipoti, pasipoti inafunika kibali, na saa inakwenda. Unalipwa krediti tano, fedha ya nchi hiyo, kwa kila mtu uliyemhudumia bila kosa. Ukikosea, mashine iliyo pembeni inatema karatasi ya onyo. Maonyo mawili ya kwanza kwa siku ni bure, baada ya hapo unakatwa. Jioni unaletewa hesabu: kodi, chakula, joto la nyumba. Mke, mtoto, mama mkwe na mjomba wanakutegemea. Fedha haitoshi. Unachagua walale njaa au walale na baridi, kisha unaambiwa mtoto anaumwa.

Sasa anakuja mwanamume, karatasi zake safi. Unampitisha. Akiondoka anakuomba: mke wangu yuko nyuma yangu, mfanyie wema. Mke anaingia. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa.

Hakuna muziki wa huzuni unaopigwa hapo. Kuna mihuri miwili tu, na wewe. Na jambo la kwanza ambalo wachezaji wengi hulifanya, mimi nikiwemo, ni kuhesabu: leo nimeshapata maonyo mangapi? Kama bado lipo la bure, basi huruma inawezekana. Kama yameisha, huruma ina bei, na bei yenyewe inatoka kwenye dawa ya mtoto. Umeona kilichofanyika? Hakuna aliyekuambia kuwa mfumo huugeuza utu kuwa tarakimu. Umeugeuza wewe, kichwani mwako, kwa sekunde tatu.

Inazidi. Baadaye askari wa zamu, Calensk, anakunong’oneza kwamba yeye hupata bonasi kwa kila anayewekwa ndani, na yuko tayari kukugawia. Kabla ya siku hiyo, mtu mwenye kasoro kwenye karatasi ulimkatalia akaenda zake. Kuanzia hapo kitufe cha kumkamata kinaanza kuonekana kizuri. Herufi moja ya jina imetofautiana, ndani. Uzito haulingani, ndani. Kisheria ungeweza kumrudisha tu aende zake, lakini kodi ya nyumba ni kesho.

Sisi wa ukumbi huu tunalijua dirisha, ila tunalijua kutoka upande wa foleni. Tunajua ile “njoo kesho”, tunajua karatasi inayorudishwa bila kusomwa. Pope anakuketisha upande wa pili, kwenye kiti chenyewe, na ndani ya saa moja unaanza kumkasirikia mzee anayechelewa kutoa karatasi zake, kwa sababu anakula muda wako.

Yupo rafiki yangu aliyeipinga gemu hii kwa hoja nzito. Alisema inawatetea maofisa: kumbe wala rushwa wote ni watu wenye watoto wagonjwa! Nimeifikiria sana hoja hiyo na siikubali. Njia ya kumruhusu yule mama ilikuwepo muda wote, na gemu haikukuzuia, ilikutoza tu. Ina miisho ishirini, na kila mmoja unaufikia kwa uliyoyafanya wewe. Kukuonyesha njia aliyopitia mtu mpaka akafika alipofika hakumsafishi.

Nihame. Unpacking, ya mwaka 2021, imetengenezwa Australia na studio ya Witch Beam. Gemu nzima ni kufungua maboksi baada ya kuhama nyumba. Mwenye vitu unamjua kwa vitu vyake. Unaanza mwaka 1997 na chumba cha mtoto, unaendelea kuhama naye hadi mtu mzima. Mwaka 2010 anahamia kwa mpenzi wake, na nyumba imejaa vitu vya huyo bwana. Unasogeza hiki, unabana kile. Mwisho unabaki na cheti chake cha chuo, kwenye fremu, na kila ukuta unaojaribu hakikai. Jikoni hakikubali, sebuleni hakikubali. Mahali pekee kinapokubali ni chini ya kitanda.

Nilipokisukuma chini ya kile kitanda niliwakumbuka wanawake kadhaa wa ukoo wetu, na sitawataja hapa kwa sababu wengine humu mna simu zinazorekodi hotuba hii. Hata neno moja halikusemwa pale. Sehemu ya cheti haipo, basi.

Passage ya Jason Rohrer, 2007, ni fupi zaidi: dakika tano, skrini nyembamba kama ufito, unatembea unazeeka. Ukikutana na mwenza mkaongozana, vijia vyembamba vyenye hazina hamwenei tena wawili. Ndiyo ndoa hiyo, na mnazeeka pamoja. Ichezeni, sitaieleza zaidi.

Msinielewe kwamba kila kilicho kidogo ni kizuri. Zipo gemu ndogo ambazo zinahubiri mpaka unatamani sadaka ipitishwe uende nyumbani. Unatembezwa polepole kwenye korido, sauti inakusimulia maumivu ya mtu, na vidole vyako havina kazi. Hizo naona afadhali zingekuwa redio.

Na nitaje moja ya karibu na sisi, ingawa mtabisha kama ni ndogo, maana Electronic Arts, kampuni kubwa ya gemu, ndio walioichapisha. Tales of Kenzera: Zau, mwaka 2024, ya studio ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeianzisha kutokana na msiba wa baba yake. Unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nilipozisikia nilisimama. Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Hadithi ni nzuri. Lakini muda mwingi vidole vyangu viliruka na kupigana kama vinavyoruka kwenye gemu nyingine mia. Palipo na msiba hasa ni chini ya mibuyu, ambapo Zau anaketi, anazungumza yaliyomsibu, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Pangekuwa na mibuyu mingi zaidi na mapigano machache, ningeisifu bila “lakini”.

Vijana mnaosomea kompyuta mnaniuliza sana gemu yetu ianzie wapi, na mara nyingi mnataja mashujaa na mikuki. Mimi ningewapa konda wa daladala. Kuna hesabu ya tajiri, lazima itimie kabla ya usiku. Kuna nauli ya mtu mzima na nauli ya mwanafunzi, ndogo zaidi. Mvua inanyesha, siti imebaki moja, mlangoni amesimama mtoto wa shule na nyuma yake mama mwenye nauli kamili. Msiandike sentensi hata moja kuhusu haki za mwanafunzi. Wekeni mlango, mpeni mchezaji kitufe cha kuufunga, na hesabu iwe bado haijatimia.

Nipo tayari kwa maswali. Kama kuna konda humu ukumbini, naomba aanze yeye.