Nahodha Aliyelala

Kila nikialikwa kumzungumzia Odysseus, yule nahodha wa Kigiriki anayehangaika baharini akirudi kwao kisiwani Ithaca katika utenzi wa Homer, Odyssey, watu wanataka nianze na zimwi la jicho moja. Leo sianzi nalo. Ninalosema miaka yote ni hili: kilichomponza ni mfuko.

Aeolus, mtunza pepo, kazitia pepo kali zote ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe wa miaka tisa, kaufunga kwa uzi wa fedha, kauacha nje upepo wa magharibi tu uwapeleke kwao. Siku tisa, usiku na mchana, Odysseus kashika demani, kamba ya tanga, mwenyewe, hampi mtu. Siku ya kumi, Ithaca hiyooo! Wanawaona hata watu wa pwani wakichochea moto. Na hapo ndipo bwana mkubwa anaposinzia. Mabaharia wananong'ona: mle mna dhahabu na fedha, yeye anarudi na mali, sisi mikono mitupu. Wanaufungua. Dhoruba inawarudisha walikotoka, na Aeolus anawafukuza.

Sasa nani mjinga? Siku tisa chombo kimoja, na hakuna aliyeambiwa, "Jamani, humo mna upepo, msiguse."

Najua, kuna atakayenyoosha mkono aniambie Homer mwenyewe, mwanzoni kabisa mwa utenzi, anawalaumu mabaharia. Sawa, kwa kuwala ng'ombe wa mungu Jua. Na siku ile nahodha alikuwa wapi? Kaenda kuomba miungu, akapitiwa na usingizi! Halafu habari ya mfuko tunaisikia kwa nani? Kwake yeye, barazani kwa mfalme Alcinous, vitabu vya 9 hadi 12 vya utenzi, mashahidi wote wameshakufa. Hata hivyo ulimi unamteleza. Anasema tuliangamia kwa upumbavu wetu wenyewe. Wetu!

Muda umeniishia, kama kawaida. Walaestrygonia, majitu wala watu, wanavunja merikebu zake 11 kati ya 12, zimwi Scylla anakwapua watu sita, Calypso, mungu wa kike, anamweka kisiwani kwake miaka saba, mtasoma wenyewe.

Ila sikieni anavyofika. Mabaharia wa Alcinous wanamshusha Ithaca amelala fofofo, wanamlaza mchangani, na zawadi zake kando. Anaamka, ukungu umetanda, kwao hapatambui. Basi anaanza kuhesabu vyombo, dhahabu na nguo, kimoja kimoja, aone kama waliomleta hawakumwibia.