Mnalala wapi, siku ngapi? Kupanga safari ya kwanza ya nchi kadhaa za Ulaya

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na waliobaki, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuishinda foleni ya leo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga safari ya kwanza ya Ulaya, ya nchi zaidi ya moja. Mtu akinijia na jambo hili, mara nyingi huwa ameshika orodha: Paris, Roma, Amsterdam, Barcelona, Venice, na Uswisi kidogo, siku kumi. Namuuliza swali moja: unalala wapi, siku ngapi? Hapo ndipo orodha inapoanza kupungua. Kila ukihama mji, nusu ya siku imekwenda: kufunga sanduku, kuwahi kituoni, kufika, kutafuta hoteli ambayo pengine haikupokei hadi saa tisa alasiri. Miji sita kwa siku kumi ni safari ya kuburuta sanduku, na hiyo mnaweza kuifanya hapa hapa bila viza.

Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kuhesabu siku za kulala. Ubalozi nao unahesabu hivyo hivyo.

Mwaka 1985, tarehe 14 Juni, nchi tano zilitia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, kando ya mto Moselle: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi. Leo nchi za Schengen ni 29, na viza moja ya matembezi inakuzungusha zote. Usichanganye hili na Umoja wa Ulaya. Uswisi na Norway hazimo kwenye Umoja lakini zimo Schengen. Ireland na Cyprus zimo kwenye Umoja lakini hazimo Schengen. Uingereza haimo kokote kati ya hayo mawili.

Sasa, viza moja, nchi 29: unamwomba nani? Unaiomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaiomba nchi utakayoingia kwanza. Watu wengi wanaanzia kwenye ile sehemu ya pili wanaisahau ya kwanza, wanakwenda ubalozi wa nchi ambako ndege inatua.

Nitoe mfano wa safari ambayo mimi ningempangia mtu wa hapa Dar. Anatua Amsterdam, analala siku 3. Treni hadi Berlin, takriban saa sita bila kubadilisha, analala siku 5. Prague siku 2. Vienna siku 3, anarudi nyumbani kutokea huko huko. Tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi sehemu moja, na inakuokoa safari nzima ya kurudi nyuma. Siku 13 za kulala, nchi nne. Ndege imetua Uholanzi, lakini maombi yanakwenda Ujerumani. Na si kila nchi inapokea maombi hapa Dar es Salaam. Nyingine zinawakilishwa na nchi mwenzake, kwa hiyo angalieni hilo kabla ya kupenda njia.

Najua mnajiuliza kwa nini Berlin siku 5. Ni upendeleo wangu, siufichi. Pale Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mazingira, amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Vitabu vingi vinawataja maprofesa wa Kijerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjadala wa kumrudisha mnaujua, umefika hadi bungeni. Mimi nasema tu: ukiwa Mtanzania na umefika Ulaya, nenda kamsalimie. Ila usiende Jumatatu, makumbusho hayo hufungwa. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Mambo haya yanaamua ulale wapi siku gani, ndiyo maana nayataja.

Tuje kwenye makaratasi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15 na yanaweza kufika 45, kwa hiyo anayepeleka maombi wiki tatu kabla anacheza bahati nasibu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai miezi mitatu baada ya kuondoka kwako kule, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

Taarifa ya benki ndipo penye vituko. Mtu ana mshahara unaoeleweka, unaingia na kutoka kila mwezi, halafu wiki moja kabla ya maombi anaazima milioni nane kwa shemeji anazitia kwenye akaunti. Afisa anaiona siku hiyo hiyo. Kiasi kidogo chenye historia kinaaminika kuliko kikubwa kilichoshuka kutoka mbinguni. Kama fedha ni za mchango wa familia, semeni hivyo kwa barua.

Na hapa pana mtego. Tiketi za treni zikinunuliwa mapema huwa nafuu sana, lakini zile za bei ya chini kabisa hazirudishiki. Viza hujapata bado. Ushauri wangu: hoteli wekeni zile zinazofutika bure, treni nunueni siku mnayoshika viza mkononi, hata kama imeongezeka kidogo. Kwa njia kama ile ya miji minne, pasi ya Eurail, ile tiketi moja ya treni za nchi nyingi, mara nyingi si lazima. Tiketi tatu za kawaida zinatosha. Kutoka Berlin kwenda Prague kaeni upande wa kushoto, baada ya Dresden treni inafuata mto Elbe. Pasipoti iwe mfukoni, isiwe ndani ya sanduku: Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia hadi ndani ya behewa.

Fedha: euro Amsterdam, Berlin na Vienna, Prague ni koruna. Mashine ikiuliza kama ikutoze kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagueni ya pale. Ratiba zao zinaandikwa 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Andikeni kwa saa zao kwenye simu msijichanganye. Mkienda Juni, swala ya Magharibi kule Berlin inaingia baada ya saa tatu usiku, anayefunga au kuswali apange mapema. Chakula cha halali si tabu, mitaa ya Berlin ya Kreuzberg na Neukölln imejaa migahawa ya Waturuki.

Viza ikitoka, isomeni. Tarehe za kuanzia na kuishia zinaweza kuwa na mwanya wa mwezi, lakini chini yake kuna idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa, na hiyo ndiyo sheria. Siku ya kutua inahesabika, na ya kuondoka pia: kulala siku 13 ni siku 14. Tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili picha na alama za vidole mpakani badala ya kugonga mhuri, hivyo hesabu hiyo sasa inafanywa na kompyuta.

Dada pale mbele ameandika swali, nimjibu kabla hatujafungua maswali mengine: je, katikati ya safari anaweza kwenda London siku mbili akarudi Paris? Anaweza, akiwa na viza ya Uingereza pembeni, na viza ya Schengen iliyoandikwa kuingia mara mbili au zaidi. Ikiwa imeandikwa 01, yaani kuingia mara moja tu, basi London aiweke mwisho, na tiketi ya kurudi nyumbani itokee huko.