Kiti cha Mwanasaikolojia katika Chumba cha Mahojiano

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa saikolojia na wa ushauri nasaha, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mgogoro uliokigawa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, yaani kama mwanasaikolojia anaweza kushiriki katika kuwahoji wafungwa wa usalama wa taifa, nami naomba ruhusa yenu nianzie Unguja. Mwezi Machi 2003, Mzanzibari mmoja aliyekuwa akiishi kwa uvuvi na biashara ndogondogo, Suleiman Abdullah Salim, alikamatwa mjini Mogadishu, akapitishwa Kenya na Djibouti, kisha akafikishwa Afghanistan katika gereza la siri la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambalo wafungwa wenyewe walilijua kwa jina la Giza. Humo, kwa maelezo aliyoyapeleka baadaye mahakamani, alifungwa minyororo katika kiza kizito, akanyimwa usingizi, akamwagiwa maji ya baridi, na muziki ukapigwa kwa sauti ya kupasua masikio usiku na mchana. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Aliachiwa mwaka 2008 akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani iliyosema kwamba hakuwa tishio kwa majeshi ya Marekani wala maslahi yake nchini Afghanistan.

Mpango wa mahojiano uliotumika katika magereza ya siri ya namna hiyo ulisanifiwa kwa mchango mkubwa wa wanasaikolojia wawili wenye shahada za uzamivu, James Mitchell na Bruce Jessen, wastaafu wa Jeshi la Anga. Kazi yao ya awali ilikuwa kuwaandaa askari wa Marekani kustahimili mateso endapo wangetekwa na adui asiyeheshimu sheria za vita. Sasa waligeuza mafunzo hayo ya kinga kuwa silaha. Nadharia waliyoitegemea mnaifahamu kutoka mwaka wenu wa kwanza: katika miaka ya 1960 Martin Seligman na wenzake walionyesha kwamba mbwa anayepigwa shoti za umeme asizoweza kuziepuka hufika mahali akalala tu na kulia kwa uchungu, hata mlango wa kutokea ukifunguliwa. Seligman aliitumia hali hiyo ya kukata tamaa kueleza sonona, yaani ili mgonjwa atolewe humo. Mitchell alitaka mfungwa aingizwe humo. Seligman mwenyewe alisema baadaye kwamba alihuzunishwa sana na matumizi hayo ya sayansi yake.

Ningependa mzingatie jambo moja kabla sijaenda mbele, kwa sababu kwangu mimi ndiyo roho ya mada hii. Sheria ya Marekani inayoharamisha mateso inahesabu kuwa mateso ya akili yale tu yanayosababisha madhara ya akili ya muda mrefu. Agosti 2002, wanasheria wa Wizara ya Sheria walipoandika waraka wa kuruhusu mbinu za kumhoji Abu Zubaydah, mfungwa wa CIA, waliegemea, pamoja na mambo mengine, maelezo kwamba wataalamu wa saikolojia walikuwa wameshauriwa na kwamba madhara ya namna hiyo hayakutarajiwa. Mwezi huohuo mtu huyo alimwagiwa maji usoni hadi kuhisi anazama, mara 83. Kwa hiyo mwanasaikolojia hakuwa mtazamaji wa pembeni, wala hakuwa breki kama alivyodai. Kuwapo kwake ndiko kulikoligeuza tendo la jinai kuwa utaratibu wenye kibali. Ripoti ya Baraza la Seneti ya Desemba 2014 ilieleza kwamba kampuni ya mabwana hao wawili ililipwa dola milioni 81 kabla mkataba haujavunjwa.

Lugha yetu, kwa bahati mbaya, haitusaidii sana hapa. Mwanasaikolojia humhoji mteja wake, na askari humhoji mtuhumiwa. Neno ni lilelile. Lakini mteja ana haki ya kuinuka na kuondoka.

Mitchell na Jessen wangeweza kuhesabiwa kuwa watu wawili waliopotoka. Jessen hakuwa mwanachama wa chama, na Mitchell alikuwa ameshajiondoa wakati majina yao yanapata umaarufu, hivyo viongozi walisema hawakuwa na mamlaka juu yao. Ugumu ulikuwa kwamba huko Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani nchini Cuba, tangu 2002, jeshi liliunda timu za ushauri wa tabia zilizowaweka wataalamu wa afya ya akili karibu na wahojaji, na mwaka 2004 magazeti yalifichua kwamba Msalaba Mwekundu ulikuwa umelalamikia jambo hilo. Chama kilijibu kwa kuunda kikosi kazi, ambacho kilikutana Washington mwisho wa Juni 2005 kwa siku tatu. Ripoti ikawa tayari, na siku chache baadaye bodi ikaipitisha kwa utaratibu wa dharura bila kusubiri mkutano wa baraza kuu. Ilisema kwamba mwanasaikolojia hawezi kushiriki mateso, lakini anaweza kushauri katika mahojiano ya usalama wa taifa, na kwamba kazi yake ni kuyafanya yawe salama, halali, ya kimaadili na yenye tija.

Nakiri kwamba nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza ilinivuta. Ni hoja ambayo kila mmoja wetu huitumia siku moja: heri niwe ndani nizuie, kuliko kukaa nje na mikono yangu misafi. Waliokataa ndio walionifundisha kuisoma upya, na walifanya hivyo kwa njia ya unyenyekevu kabisa, yaani kwa kuuliza nani alikuwa mezani. Majina ya wajumbe hayakuandikwa katika ripoti. Yalipojulikana, ikaonekana kwamba sita kati ya wajumbe tisa wenye kura walikuwa na uhusiano na jeshi au idara za ujasusi. Jean Maria Arrigo, mmoja wa wale wachache wasio na uhusiano huo, alitunza kumbukumbu za vikao hivyo na mwaka 2007 akaeleza hadharani jinsi mambo yalivyoendeshwa. Mwenzake Michael Wessells alikuwa ameshajiuzulu mapema 2006.

Jambo la pili walilolikamata lilikuwa kifungu kidogo cha Kanuni za Maadili, nambari 1.02, kama kilivyorekebishwa mwaka 2002. Kilisema kwamba maadili yakigongana na sheria, na mgongano ukashindwa kutatuliwa, mwanasaikolojia anaweza kufuata matakwa ya sheria, kanuni au mamlaka halali. Kwa maneno mengine, nilitumwa. Wapinzani walikumbusha kwamba utetezi huohuo ulikataliwa Nuremberg, katika kesi za viongozi wa Kinazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kifungu hicho hakikurekebishwa hadi 2010, kilipoongezewa maneno yanayokataza kabisa kukitumia kuhalalisha ukiukaji wa haki za binadamu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2006, vyama vya madaktari na vya madaktari wa akili nchini humo vilikuwa vimeshawakataza wanachama wao kushiriki mahojiano, na jeshi likasema wazi kwamba litawapendelea wanasaikolojia. Sijui kama kuna sifa ya aibu kuliko hiyo kwa taaluma.

Upinzani ulichukua sura nyingi. Wengine walizuia ada zao za uanachama. Kenneth Pope, bingwa wa maadili aliyewahi kuongoza kamati ya maadili ya chama, alijiuzulu mwaka 2008. Mwanasaikolojia na mwandishi Mary Pipher alirudisha tuzo aliyopewa na rais wa chama. Wanasaikolojia Steven Reisner, Stephen Soldz na wenzao waliandika, wakashtaki kwa kamati ya maadili, wakapuuzwa, wakaandika tena. Agosti 2007, San Francisco, baraza kuu lilikataa pendekezo la kuwaondoa wanasaikolojia katika magereza kama Guantánamo na kupitisha badala yake orodha ya mbinu zilizokatazwa. Wanachama wa kawaida ndipo walipokusanya saini na kulazimisha kura ya wanachama wote: mwaka 2008, kura 8,792 dhidi ya 6,157 zilitaka mwanasaikolojia asifanye kazi mahali panapokiuka sheria za kimataifa, isipokuwa awe anamtumikia mfungwa mwenyewe au taasisi huru ya haki za binadamu. Viongozi wakajibu kwamba azimio hilo si sehemu ya Kanuni za Maadili, kwa hiyo hakuna atakayeadhibiwa kwalo.

Ilihitajika miaka saba zaidi. Wakili David Hoffman, aliyeajiriwa na chama chenyewe, alitoa Julai 2015 ripoti ya kurasa 542 iliyosema kwamba maofisa wa chama walishirikiana kwa siri na maofisa wa Wizara ya Ulinzi ili miongozo ibaki legelege, na kwamba lengo kuu lilikuwa kujipendekeza kwa wizara hiyo, mwajiri mkubwa wa wanasaikolojia. Baadhi ya waliotajwa waliyapinga matokeo hayo na kwenda mahakamani, na ni haki mlijue hilo. Mwezi uliofuata, Toronto, baraza lilipiga marufuku ushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa kwa kura 157 dhidi ya moja.

Suleiman, yule Mzanzibari, aliungana na Mlibya mmoja na familia ya Mwafghani aliyekufa kwa baridi katika gereza hilohilo, wakawashtaki Mitchell na Jessen katika mahakama ya Spokane, mji wa Marekani, mnamo Oktoba 2015. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, kesi ilimalizwa kwa makubaliano ambayo masharti yake ni siri. Washtakiwa walikiri kwamba waliishauri CIA kuhusu mpango huo, wakakana kuwajibika kwa yaliyowapata walalamikaji.

Mwaka 2018, pendekezo lilirudi mbele ya baraza la chama, safari hii la kuwaruhusu wanasaikolojia wa jeshi kuwatibu wafungwa wa Guantánamo. Lilikuja likiwa limevaa koti la huduma: wagonjwa wapo, nani atawatazama? Waliopinga waliuliza ni mfungwa gani atakayemfungulia moyo mtu aliyevaa sare za wanaomshikilia. Lilikataliwa. Nadhani swali lile la kwanza, la nani atawatazama, bado ni swali zito, na sitajifanya kuwa nimelimaliza. Naomba tuanze nalo katika muda wa majadiliano.