Penalti ya Nne ya Ladislav Jurkemik

SALMA: Leo sitaki kusikia habari za Panenka, Rashidi. Zimenichosha.

RASHIDI: Sasa fainali ya Euro 1976 utaisimuliaje bila Panenka, aliyedokoa ile penalti ya mwisho ya ushindi, dada yangu?

SALMA: Kwa beki aliyepiga kabla yake. Ladislav Jurkemik, Mslovakia, kijana wa Inter Bratislava, miaka 22. Siku hiyo hata hakuanza. Tupo Belgrade, Juni 20, Chekoslovakia inaongoza 2-1 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Dakika ya 79 anatolewa fowadi, Švehlík, anaingia yeye.

RASHIDI: Paki basi hiyo.

SALMA: Kabisa. Na bado mwishoni kona ikachongwa, Hölzenbein akaruka, kichwa, 2-2.

RASHIDI: Duh! Umeingizwa ulinde, bao limepita ukiwepo.

SALMA: Halafu mnafika kwenye matuta ya penalti, unaitwa ukapige! Masný kafunga, Nehoda kafunga, Ondruš kafunga. Wajerumani nao hawakosi, 3-3. Jurkemik akaenda, akaweka mpira, akafunga. 4-3. Baada yake akaja Hoeness, akapaisha.

RASHIDI: Ile iliyokwenda mawinguni.

SALMA: Hiyohiyo. Sasa niambie, Jurkemik angekosa, Panenka angepata wapi ujasiri wa kumdokolea kipa wao, Sepp Maier?

RASHIDI: Hapo hunipati. Yule bwana angedokoa hata wangekuwa nyuma, ndivyo alivyoumbwa.

SALMA: Haya, baki na Panenka wako. Twende Napoli, Euro 1980, Chekoslovakia wanagombea nafasi ya tatu na wenyeji Italia. Dakika ya 54 anafunga beki wangu! Graziani akasawazisha, matuta tena. Na wapigaji watano wa kwanza ni walewale wa Belgrade, kwa mpangilio uleule. Yeye wa nne, Panenka wa tano.

RASHIDI: Utadhani walipewa namba kliniki.

SALMA: Wakashinda 9-8, upande wao hakukosa hata mmoja.

RASHIDI: Na ukocha je?

SALMA: Mwaka 2002 akakabidhiwa timu ya taifa ya Slovakia, kuwania kufuzu Euro 2004. Kundi lina Uingereza na Uturuki. Akaanzia Istanbul, akala tatu bila. Uingereza wakaja Bratislava, Németh akatangulia kufunga, Beckham na Owen wakapindua, 2-1. Juni 2003 wakarudiana Middlesbrough: Janočko akatangulia, Owen akaweka mbili.

RASHIDI: Mbili moja tena?

SALMA: Tena. Wakamaliza wa tatu kwenye kundi, timu akapewa Dušan Galis.

RASHIDI: Mara mbili unamtangulia Uingereza, mara mbili unalala! Hiyo hata mimi ingeninyima usingizi. Hebu, lile bao la kusawazisha la Owen kule Middlesbrough lilipatikanaje?

SALMA: Penalti.