Bei ya Mnada Haimwahidi Kitu Atakayeuza Kesho

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitaendelea kulisema hadi watu waache kukopa fedha ili wanunue sarafu za kale. Bei inayotangazwa mnadani ni habari ya siku ile, na ya wale wawili waliobaki wakishindana baada ya wengine wote kunyamaza. Atakayeuza sarafu hiyo hiyo miaka 10 baadaye hana haki ya kuidai.

Chukueni senti 5 ya Marekani ya mwaka 1913, ile ya aina ya Liberty, yenye sura ya mwanamke anayewakilisha uhuru, ambayo zinajulikana 5 tu duniani. Ninayoizungumzia iliwahi kumilikiwa na Louis Eliasberg, mkusanyaji wa sarafu wa Marekani. Mwaka 1996 iliuzwa mnadani kwa dola 1,485,000, ikawa sarafu ya kwanza kuvuka dola milioni moja katika mnada. Mwaka 2005 ilinunuliwa kwa dola 4,150,000, na mwaka 2007 kwa dola milioni 5. Mtu akiitazama ngazi hiyo ataapa kwamba mara inayofuata itafika milioni 7 au 8. Agosti 2018, mjini Philadelphia, ilipanda tena mnadani ikauzwa kwa dola 4,560,000. Haikuwa imekwaruzika, wala hakuna aliyekuwa amegundua ya 6. Na tafadhali msiishie kwenye tarakimu hiyo, kwa sababu ndani yake mna ada ya mnunuzi ya asilimia 20, ambayo huongezwa juu ya bei na kwenda kwa kampuni ya mnada: dalali aligonga nyundo kwenye 3,800,000. Magazeti huandika jumla yote, msomaji akadhani imeingia mfukoni mwa muuzaji, naye kesho yake anaitafuta sarafu ya kununua.

Kwa nini ilishuka? Kwa sababu wanaoweza kutoa mamilioni kwa senti 5 wangeenea kwenye meza moja ya chakula. Mmoja akiwa ameshapata yake, na mwingine mambo yakiwa yamembana mwaka huo, bei huanguka bila sarafu yenyewe kuwa na kosa lolote. Dola ya fedha ya mwaka 1794 iliuzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875. Oktoba 2020 ikapelekwa mnadani Las Vegas, haikufikia bei ya chini aliyoiweka mwenye mali, ikarudi nyumbani. Mwanzoni mwa 2022 ikauzwa nje ya mnada kwa milioni 12. Yeyote anayedai kwamba angeweza kuutabiri mwendo huo nisingemkabidhi akiba yangu.

Najua mtanijibu kwa dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1933, iliyouzwa New York mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59 na mwaka 2021 kwa milioni 18.87. Jibu hilo huwa naletewa kila mara, na kila mara naomba tupige hesabu kwanza. Imepanda mara 2 na nusu kwa miaka 19. Katika muda huo huo wakia moja ya dhahabu ya kawaida, isiyo na historia wala mnada, ilitoka dola 300 na kidogo ikakaribia 1,900, yaani karibu mara 6. Na hiyo ndiyo sarafu pekee ya aina yake ambayo serikali ya Marekani imemruhusu mtu binafsi kuimiliki! Ikiwa yenyewe imeachwa nyuma na dhahabu tupu, yako na yangu zina matumaini gani?

Sasa nije kwetu, maana muda unanikimbia. Rupia ya fedha ya Mjerumani ya enzi za ukoloni, yenye sura ya mfalme wao Wilhelm II, si mali adimu. Zilitengenezwa nyingi mno, na anayekuahidi mamilioni kwa kipande kimoja anakutafutia hasara. Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati vita vilipolitenga koloni na Ujerumani, hiyo ina wapenzi wa kweli, na walau dhahabu yake ya asilimia 75 inaizuia isianguke hadi sifuri. Lakini ikiwa iliwahi kuchomelewa kishikizo cha mkufu, au mjukuu aliisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae, mkusanyaji ataona mikwaruzo kwa lenzi na bei itashuka papo hapo. Iacheni na uchafu wake.

Kuhusu vyeti vya daraja, yaani alama ya 1 hadi 70 ambayo wapimaji huipa sarafu kulingana na hali yake, nilikusudia kusema mengi. Itoshe kwamba tofauti ya daraja moja kileleni mwa ngazi hiyo huweza kubadili bei maradufu, na wapimaji wenyewe hawakubaliani siku zote. Na kabla hujampigia dalali simu, weka rupia 15 yako kwenye mizani ya sonara: iwe gramu 7 na kidogo, kwa sababu za bandia ni nyingi.