Mitumbwi baadaye, kwanza mlangoni

Jamani, najua wengine mshanisikia nalisema hili mpaka mmechoka, leo nalirudia. Ukimuuliza mtu Duanwu, ile sikukuu ya Wachina, ni nini atakwambia mitumbwi ya joka na Qu Yuan, basi. Yule mshairi wa dola la Chu aliyejitosa mto Miluo mwaka 278 kabla ya Kristo, watu wakamwaga wali mtoni ili samaki wasimle. Hadithi tamu, siikatai, ila nenda mji wa Suzhou uone, wao wanakwambia siku hiyo ni ya Wu Zixu, waziri wa dola la Wu, mtu mwingine kabisa!

Mimi nasema angalia mlangoni. Tarehe 5 mwezi wa 5 kwa kalenda yao ya mwezi, sokoni mafungu ya majani ya aicao yamelundikana, pamoja na changpu yenye jani kama upanga, watu wananunua wanatundika juu ya mlango, watoto wanafungwa nyuzi za rangi tano mkononi. Joto linapanda, wadudu wanatoka, wazee wakauita mwezi wa sumu, nyoka, nge, tandu, wote wameamka. Hapo watu wanafukuza maradhi, bwana.

Ooh, mtasema ushirikina. Ushirikina gani? Aicao ni ndugu wa pakanga, na moshi wake unafukuza mbu. Ndugu yake mwingine ndiye aliyetupa dawa mseto ya malaria tunayomeza huku kwetu, mwanasayansi wa China Tu Youyou akapata Nobel 2015. Ndugu nimesema, siyo yeye mwenyewe, msije mkachemsha mkanywa halafu mkanitaja. Na ile pombe ya siku hiyo, iliyotiwa unga wa madini ya xionghuang, ina aseniki ndani, hiyo siitetei.

Sasa zongzi, chakula cha siku hiyo, mchele uliofungwa kwa majani. Bibi niliyepanga kwake alinifundisha: majani mawili ya mwanzi unayakunja kama unafunga karanga za kuuza, mchele wa kunata ulolala kwenye maji, nyama ya nguruwe katikati, unafunika, uzi umeushika kwa meno huku unazungusha. Yeye dakika moja. Zangu zilifumuka sufuriani zikawa uji, akacheka mpaka akakaa chini. Waislamu msinune, kaskazini wanatia kunazi za Kichina, tamu, ingawa watu wa kusini wakisikia zongzi tamu wanataka kugombana, kila mwaka ugomvi huohuo.

Mitumbwi? Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Inapigwa makasia, kuna ngoma, inakwenda mbio.